Maji ya Kusuuzia Dhahabu

11 Januari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na mgongo umepoa, maana najua mwezi huu wasichana wa shule wanakupangia foleni ya kusukwa mpaka nje ya mlango. Mimi mzima. Mikono ndiyo inanisumbua, lakini hayo baadaye.

Nimecheka sana kusikia yule mteja wako alikubishia kwamba mwanao anafanya kazi ya kupaka dhahabu. Mwambie ni kweli, ila asidhani tunapaka pete. Tunapaka pini. Ukifungua redio, au mashine ya hospitali, pale waya unapokutana na waya kuna pini, nyingine ndogo kuliko punje ya mchele. Ni ya shaba. Shaba ikiachwa hivi hivi inachakaa, umeme unakwama, mashine inazimika mgonjwa akiwa bado kitandani. Kwa hiyo tunaivalisha.

Kazi inakwenda tangi kwa tangi. Pini zinatundikwa kwenye fremu, zinaoshwa mafuta, halafu zinakuja kwangu kwenye asidi. Mimi nazivua ngozi ya juu mpaka shaba inabaki kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Kutoka kwangu zinakwenda kwenye nikeli. Dhahabu ikikaa juu ya shaba moja kwa moja, shaba inaipenya polepole na kuiharibu, kwa hiyo nikeli inakaa katikati yao kama mtu anayeamua ugomvi. Mwisho ndiyo dhahabu. Hicho ni chumba cha peke yake, mlango wa chuma, na mimi sijawahi kukanyaga ndani. Naona kwa kioo tu. Wanapitisha umeme majini, dhahabu inatoka kwenye maji inakwenda kukaa kwenye pini, nyembamba hivi kwamba ganda la kitunguu ni blanketi mbele yake.

Uliuliza kama haimwagiki. Haimwagiki, Mama. Fremu ikitoka kwenye dhahabu inachovywa kwenye tangi la kusuuzia, na maji ya tangi hilo hayamwagwi ovyo, kwa sababu kila fremu inaacha humo kidogo. Hata vitambaa vya kufutia matone vina mwenyewe. Kuna mama mtu mzima, tunamwita Shangazi Matambara, kazi yake ni kuvikusanya. Vinachomwa, na dhahabu inarudishwa kutoka kwenye majivu. Watu wa chumba kile wakitoka wanapekuliwa mpaka kwenye kucha, mpaka chini ya ulimi.

Mikono yangu imepasuka kwa asidi, glavu au bila glavu. Shangazi Matambara kanipa mafuta mazito ya kupaka, angalau nashika kalamu.

Nikija likizo nina ombi moja. Unisuke. Watu wote mtaani wanatembea na mikono yako kichwani isipokuwa mimi mwanao.

Msalimie mdogo wangu Kitinda.

Mwanao mkubwa

*

2 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, mgongo haujambo, anayeumwa ni jirani na maneno yake. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ile sehemu ya maji nimemsomea Kitinda kwa sauti. Unajua kueleza wewe, ungekuwa mwalimu kama ungekuwa na sura ya kutazamwa na watoto. Natania.

Sasa sikia. Mdogo wako amekaa nyumbani anahesabu nzi. Umri wake unakwenda, na msichana mzuri akikaa bure mtaani utasikia habari zake kwa watu. Mtafutie kazi hapo. Si hapo kwenye asidi yako. Kwenye chumba cha dhahabu. Ana vidole vyembamba, ana macho, na hana makunyanzi ya kukata watu hamu. Ongea na huyo mkubwa wenu. Na usiniambie haiwezekani, kijicho nakijua kinavyoandika barua.

Kuhusu kusukwa, mwanangu, tuambiane ukweli. Nywele zako umezichukua kwa upande wa baba yako, chache, na kichwa kinaonekana. Nikikusuka utaonekana kama kuku aliyenyonyolewa nusu. Funga kitambaa, kinakupendeza.

Mama yako

*

20 Februari

Mama,

Shikamoo. Sijambo, natumaini hamjambo.

Nimeongea na Mkemia. Ndiye mkubwa wa chumba cha dhahabu, mtu mkimya, anavaa miwani mbili, moja usoni na moja kwenye paji. Amesema anahitaji msichana mwenye mkono mtulivu, nimlete amwone. Kwa hiyo si kijicho.

Lakini lazima ujue jambo moja kabla hujamfungia Kitinda mizigo. Dhahabu haiyeyuki kwenye maji matupu. Inayeyushwa kwa sianidi, nayo ni sumu hasa. Kidogo tu mwilini, kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio. Ikizidi, mtu haamki. Wale wa chumba kile hawaruhusiwi kula wala kujikuna bila kunawa. Kitinda ni mtu wa kujigusagusa uso. Mwambie mapema.

Kitanda kipo. Nitalala upande wa ukutani.

Mwanao mkubwa

*

9 Machi

Mwanangu mpendwa,

Barua hii anakuletea mwenyewe Kitinda. Mpokee, mlishe, mfundishe njia ya kazini, na mkiwa na neno nisilisikie kwa watu.

Nimemsuka rasta za uzi wa pamba, ndefu, za kumfika kiunoni. Najua utasema ni nzito. Ndiyo mtindo. Asiguswe kichwa na mtu, si wewe wala msusi mwingine, wataniharibia kazi. Kila mwisho wa mwezi aje nyumbani nimfumue nimsuke upya. Nauli nitajua mwenyewe.

Ile habari ya sumu nimeisikia. Wewe tangu mdogo ulikuwa unaogopa hata sabuni ya kufulia.

Mama yako

*

17 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Hujambo? Mimi sijambo, Kitinda hajambo. Atakuwa amekusimulia mengi kwa sababu anakuona kuliko mimi. Kila mwisho wa mwezi namsindikiza stendi, anarudi na kichwa kipya kinanukia mafuta, na mimi namuuliza Mama anasemaje, ananiambia hajambo, basi.

Kazini wanamsifu. Mkemia anasema fremu yake ikitoka haina hata doa. Nilimtazama siku moja kwa kioo: anainama kwenye tangi la kusuuzia taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Nilijisikia fahari, nikamwambia mwenzangu wa kwenye nikeli, yule ni wa tumbo letu.

Lakini kuna jambo baya limetokea. Dhahabu inapungua. Si ya kwenye pini, pini zinapimwa. Ni ile ya maji ya kusuuzia. Kila wakirudisha hesabu, haifiki. Wamebadilisha kufuli, wamepima mizani upya, wapi. Juzi wakamkamata Shangazi Matambara, kwa sababu vitambaa vinapita mikononi mwake. Walimvua nguo getini, Mama. Si ndani. Getini, zamu moja inatoka na nyingine inaingia. Kitambaa cha kichwa wakakitupa chini. Hawakumkuta na kitu, wakasema basi ameshapeleka, wakamfukuza. Mlinzi alikuwa anacheka anamwambia ageuke. Shangazi alitufunika macho sisi, si yeye mwenyewe, alinyoosha mikono kama anatuambia msitazame.

Mimi nilitazama. Kitinda alikuwa kando yangu ameshika rasta zake kwa mikono miwili, akanivuta akasema twende, basi litatuacha.

Shangazi ana wajukuu anaowalea. Najiuliza watakula nini.

Nasikia umeweka vioo vipya. Hongera. Sikujua biashara imechangamka hivyo.

Mwanao mkubwa

*

5 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima kabisa. Vioo ndiyo, vitatu, na mlango wa kioo unaokuja wiki ijayo, na viti vya kuzunguka. Mtaa mzima unapita kujiangalia. Jirani kanuna mpaka mdomo umefika kifuani. Riziki ikifunguka hata mlango hauhitaji kusukuma.

Huyo mzee wenu wa matambara achana naye. Mtu mzima kama huyo alikuwa anafanya nini kiwandani, si akae na wajukuu wake. Kama hakuiba, atakuwa alitamani. Wewe una tabia ya kuwabeba watu wasio wako, halafu wako unawachunguza. Kitinda ananiambia unamuuliza maswali mengi. Mwache mtoto afanye kazi.

Mwambie mwezi ujao akae nao zaidi kidogo huo uzi kabla hajaja. Atanielewa.

Mama yako

*

14 Septemba

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Huku sisi si wazima.

Kitinda anaumwa. Alianza na kichwa, akasema ni usingizi. Sasa kinamuuma kila siku, anatapika, akipanda ngazi za chumbani anakaa katikati kupumzika kama bibi kizee. Nyuma ya masikio ana vidonda, vinatoa maji, na shingoni ngozi imekuwa nyekundu pale rasta zinapogusa. Nikitaka kumtazama ananisukuma. Jana kanipiga kwa kitana. Analala amekaa, ameegemea ukuta, ili rasta zisilowanishe mto. Nikamuuliza zinalowa na nini, akasema jasho.

Mimi naona ni hizo rasta. Nzito, hazikauki, zina harufu ambayo naijua lakini sikumbuki naijulia wapi. Nataka nimfumue nimwoshe kichwa, nimpeleke kwa daktari. Nakuomba ruhusa kwa sababu ulisema asiguswe. Nijibu haraka.

Mwanao mkubwa

*

19 Septemba

Usimfumue. Usimpeleke kwa daktari. Vidonda ni vya kubana, nilimkazia sana, kosa langu. Apake mafuta ya nazi avumilie mpaka mwisho wa mwezi, ni siku chache tu, aje mwenyewe. Nakuambia kama mama, ukigusa kichwa hicho tutakosana.

Mama

*

28 Septemba

Mama,

Nimegusa.

Jumapili mchana tulikuwa chumbani, mimi napasi nguo za kazi. Kitinda alisimama kufunga dirisha akaanguka. Hakupiga kelele, alishuka tu kama nguo iliyoteleza kwenye hanga. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Nilimlaza, nikachukua mkasi nikazikata. Zote. Zilikuwa zinakatika kwa shida, uzi umekakamaa kama waya, na kila rasta imeshika chumvi nyeupe, ile ile ninayoiona kwa kioo imeganda kwenye ukingo wa tangi la dhahabu. Ndipo harufu ikanijia jina, sianidi.

Alipofumbua macho alishika kichwa chake kitupu akaanza kulia. Nikamwambia, "Ulikuwa unachovya nywele kwenye maji."

Akasema, "Ncha tu. Nikiinama. Halafu naminya nazikunja ndani ya kofia. Wanapekua mdomo, hawapekui nywele."

"Nani alikufundisha?"

"Kwani wewe hujui? Wewe ndiye uliyemwandikia."

Nikamuuliza kama anajua ile ni sumu. Akasema, "Mama alisema wewe unaogopa hata sabuni." Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Mama anauchoma uzi, majivu anampelekea sonara. Alisema tusikuambie, una mdomo."

Nilimwogesha kichwa kwa maji mengi, kama tunavyofundishwa. Kuna mahali ngozi ilitoka na uzi. Shangazi Matambara alivuliwa nguo getini na Kitinda amesimama kando yangu ameshika dhahabu yenyewe kwa mikono miwili.

Sijampeleka hospitali kwa sababu watauliza. Naona aibu kuandika sentensi hiyo.

Mama, niandikie uniambie mtoto ametunga. Andika hata uongo, nitauamini.

Mwanao

*

3 Oktoba

Mwanangu kipenzi, mkubwa wangu, nguzo yangu,

Hujambo mama? Mimi nipo, usingizi tu sina.

Huo uzi umeuweka wapi? Hilo ndilo la kwanza. Usiutupe, usiuoshe, hasa usiuoshe. Uweke kwenye kitu kikavu, kifunike, mtu asione. Ule ni wa miezi miwili, nilimwambia akae nao, ndiyo maana ulikuwa mzito. Mlango wa kioo nimechukua kwa mkopo nikitegemea uzi huo.

Sasa usinihukumu kama hakimu. Baba yenu alipokufa aliniachia nini? Nyinyi wawili na kitana. Nimesuka vichwa vya watu mpaka vidole vimepinda, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza umekula. Wale wana matangi ya dhahabu, wanaipaka kwenye vijipini mtu hawezi hata kuviona, nami nimechukua maji ya kusuuzia. Maji machafu, mwanangu. Ungeosha vyombo ukamwaga, mtu akikinga utamwita mwizi?

Na sikukuficha kwa ubaya. Wewe ni mkweli mno, na ukweli wako unakutoka hata usipoulizwa.

Nimefikiria. Kitinda amechoka, arudi nyumbani apumzike. Nafasi yake iombe wewe. Mkemia anakuheshimu, mmekaa miaka naye, atakupa. Kichwa chako kigumu kuliko cha mdogo wako, hakitapata vidonda. Njoo Jumamosi, nitafunga saluni siku nzima kwa ajili yako, nikusuke mwenyewe. Nitakutafutia mtindo wa kuficha pale palipo pachache. Si umekuwa ukiniomba?

Mama yako anayekupenda

Nimesahau: Kitinda anaendeleaje?

*

7 Oktoba

Mama,

Sitakuja Jumamosi.

Kitinda alilazimisha kurudi kazini Jumatatu, anasema akikosa watamshuku. Alivaa kofia. Mkemia alimwona anasuuza, akamwambia avue kofia, akatazama kichwa kilichokatwa ovyo na vile vidonda, akateremsha miwani ya pili machoni. Alizima umeme wa tangi, akamwita mlinzi.

Kitinda akaanguka pale pale. Yuko hospitali sasa, wamemwekea dripu, anapumua kwa mashine. Daktari anasema ataishi. Mlangoni kwake kuna askari. Mimi nimeambiwa nisitoke hapa mjini, nisubiri kuitwa. Uzi uko chini ya kitanda kwenye kopo la biskuti, na chumba changu bado hawajakipekua.

Niambie nifanye nini. Kwa mara hii moja, niambie jambo la mama.

Mwanao

*

10 Oktoba

Mwanangu mpendwa,

Namshukuru Mungu mtoto anapumua. Nakushukuru na wewe.

Umeniuliza jambo la mama, na nitakujibu bila kupinda. Ichukue hii kesi. Sema ni wewe. Peleka kopo, sema ulikuwa unamlazimisha mdogo wako, alikuwa anakuogopa.

Usikasirike, soma kwanza. Kitinda akifungwa, ndiyo basi, nani atamwoa? Kuna kijana ameshaanza kupita hapa saluni, wa familia nzuri, anaulizia. Wewe umri umekwenda, mikono imeharibika, hakuna anayekuulizia, na sisemi kwa ubaya, nasema kwa hesabu ya nyumba. Wewe gerezani utaamka, utafanya kazi, utalala. Ndivyo unavyoishi hata sasa. Ukitoka utanikuta, chumba chako nitakitunza. Kitinda hawezi. Ni laini, umemwona.

Na mimi nikikamatwa nani atawalea nyinyi?

Wewe ndiye uliyeandika habari ya maji yale. Sikukuuliza uandike vile kwa kirefu. Hilo nimelibeba moyoni bila kukulaumu, na wewe nibebee hili.

Ukimaliza kusoma, choma.

Mama yako

*

16 Oktoba

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima na saluni ina wateja.

Barua yako niliisoma nimekaa kitandani, nikaichoma kama ulivyosema. Halafu nililala na viatu. Asubuhi nikanawa uso, nikafunga kile kitambaa unachosema kinanipendeza, nikachukua kopo nikaenda kwa Mkemia. Nataka uamini hili kwa sababu hakuna mwingine atakayekuambia: nilikwenda kusema ni mimi. Sikwenda kukuuza. Njia nzima nilikuwa najifunza maneno, nilimlazimisha, alikuwa ananiogopa, nilimlazimisha.

Nikaweka kopo mezani nikasema, "Ni mimi."

Mkemia akafungua, akatazama uzi, akaniuliza, "Ulichovya wapi?"

Nikasema, "Kwenye tangi la kusuuzia."

"Liko upande gani wa chumba?"

Nikasema kushoto, vile ninavyoliona kwa kioo. Akatikisa kichwa. Akasema, "Mama, wewe hujawahi kuingia chumba kile hata siku moja. Miaka yote uko kwenye asidi." Aliniita mama, Mama. Mtu mzima kuliko mimi.

Nilikuandikia hilo Januari. Ulisoma mara mbili, lakini ulikuwa unasoma habari ya maji.

Halafu akanionyesha karatasi. Kitinda alikuwa ameshaeleza kila kitu tangu siku ya pili, mara walipomtoa mrija mdomoni. Walimwambia akimtaja aliyemtuma watamhesabu kuwa shahidi. Hakuomba hata muda wa kufikiri. Amekutaja wewe, amemtaja sonara na rangi ya mlango wake, ametaja vioo, ametaja viti vya kuzunguka. Ulipokuwa unaniandikia nijifunge kwa ajili yake, yeye alikuwa ameshakufunga wewe. Nilimtembelea jana. Nywele hazitaota sehemu fulani, daktari amesema. Ameniuliza kama yule kijana wa saluni ameambiwa.

Mkemia alichoma uzi mbele yangu kwenye kibakuli cha udongo. Ulitoa moshi, ukakunjamana, yakabaki majivu kidogo ya kahawia. Akayapuliza moto mkali mpaka kikatokea kitone cha manjano, kidogo kuliko kichwa cha kiberiti. Miezi miwili ya kichwa cha mwanao. Nilikitazama nikangoja nisikie chochote.

Nilimuuliza kama Shangazi Matambara atarudishwa kazini. Akasema, nafasi yake ina mtu. Nikamwambia basi mtangazieni pale pale getini kwamba hakuiba. Akasema hilo si la idara yake. Nilikwenda mwenyewe alikokuwa anapanga. Chumba kina wapangaji wengine, wale wajukuu waligawanywa kwa ndugu, huyu huku huyu kule, na yeye hakuna anayejua alikoelekea. Nilikuwa nimembebea kopo la mafuta.

Mimi nimeachishwa. Wamesema kosa langu ni kukaa na kopo chini ya kitanda na kumdanganya mkubwa wa kazi. Nimesaini.

Sasa la mwisho. Utakuwa umeona bahasha haina stempu. Sikuiweka posta. Wanaokuletea ni askari wawili, mmoja mwanamke mwenye mwanya, na sonara wenu yuko nao garini. Niliwaomba wakuache uisome mpaka mwisho kabla hawajasema lolote, yule mwanamke akakubali. Kwa hiyo wako hapo mbele yako wanasubiri, wakaribishe viti.

Kama kuna mteja uliyemsuka nusu, mwombe radhi, amalizie kwingine. Zima jiko. Ufunguo mwachie jirani, huyo huyo unayemcheka, hakuna mwingine aliye karibu. Chukua sweta la kijivu kwenye sanduku la chini, wanasema mahabusu kuna baridi na wewe mgongo wako haupendi baridi.

Usiwaambie mimi nitakuja kukudhamini. Wameshaniuliza, nimesema sikujui.

Nakutakia afya njema.

Mwanao mkubwa